Hodi Nyumbani Kwao

Katika mazoezi ya darasani, Dhara alipewa kila mara nafasi ya mgeni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mkufunzi wa somo la kuongoza watalii, Mwalimu Hamidu, aliwagawa wanafunzi katika vikundi, kila kikundi kikachagua nani awe dereva, nani akae mapokezi, nani awe mwongozaji, na nafasi ya mtalii ikamfuata Dhara pale alipoketi. Ndiye peke yake darasani mwenye asili ya Kihindi.

"Karibu sana Tanzania, madam!" Najim, mcheshi wa darasa, alimwinamia kama mhudumu wa hoteli. "Hii ndiyo mara yako ya kwanza kufika Bagamoyo?"

"Mara ya kwanza nilifika kwa kuzaliwa," Dhara alimjibu. "Wewe umeshuka kwenye basi la Tanga juzi, hata begi hujalifungua."

Darasa lilicheka, na Najim alicheka kuliko wote. Kisha zoezi likaendelea. Dhara akaulizwa kama angependa chumba kinachotazama bahari.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Kerege. Kilikuwa na madarasa, jiko la mafunzo, na meza ya mapokezi ya mazoezi yenye simu ambayo haikuunganishwa popote. Wanafunzi waliinua mkono wa simu ile, wakasema jina la hoteli isiyokuwepo, wakaandikisha wageni wasiokuwepo. Mchana walikula pamoja kwenye masinia, ugali na samaki. Dhara hali samaki wala nyama. Alibeba chapati na viazi kwenye hotpoti, akala kwenye ngazi za nyuma ya jiko. Mwanzoni Mwanajuma, msichana aliyekaa naye dawati moja, alimfuata na sahani yake. Baadaye aliona tabu ya kukosa mazungumzo ya wengine, akaacha. Hawakugombana. Ilikuwa tu kwamba watu wanaokula sinia moja huwa na ya kuzungumza.

Nyumba yao ilikuwa Mtaa wa India, katikati ya mji mkongwe, chini duka na juu makazi. Baba yake, Harish, aliuza vifaa vya kushonea: zipu, vifungo, nyuzi, lastiki, lesi za kanzu na magauni. Mafundi cherehani wa mji walikuwa wakimtegemea, lakini sasa wengi walinunua Kariakoo kwa jumla. Waliobaki walikuja kutafuta uzi wa rangi fulani ulioisha katikati ya kazi. Mke wake, Meena, alikuwa amefariki. Mtoto wa kiume, Paresh, aliishi Upanga, Dar es Salaam, na kila alipopiga simu aliuliza jambo moja.

"Mnafunga lini?"

Harish alikuwa na jibu moja, nalo lilimhusu Dhara. Binti akipata kazi Bagamoyo, yeye atabaki naye. Akikosa, watafunga mlango na kwenda Upanga wote wawili. Paresh alikubali, maana alijua nafasi za kazi mjini ni chache. Kampuni moja ya kutembeza watalii ilikuwa ikichukua mwanafunzi mmoja kwa mafunzo ya vitendo na kumwajiri ikipendezwa naye. Wanafunzi wengine wote walipelekwa kwenye mahoteli ya Dar es Salaam na Zanzibar. Kampuni hiyo ilimchagua mwanafunzi wake siku ya mtihani wa mtaani, na mtihani wa mtaani ulifanyika Mtaa wa India.

Maelezo ya mtaa ule yaliandaliwa na chuo, na kila mwanafunzi alitakiwa kuyahifadhi: "Hapa waliishi wafanyabiashara wa Kihindi waliouza vitambaa, viungo na vyombo. Biashara ilipohamia Dar es Salaam, walifunga maduka yao wakaondoka. Kilichobaki ni milango yao."

Dhara aliyahifadhi jikoni, akikata bamia. Nyumbani walizungumza Kigujarati. Kiswahili kilikuwa cha duka, na cha ugomvi. Siku hiyo Harish, aliyekuwa akimsikiliza kutoka ngazini, aliuliza kwa Kiswahili:

"Waliondoka lini?"

"Ndivyo maelezo yanavyosema, Bapuji."

"Na huyu anayesubiri bamia?"

"Wewe hukuandikwa."

Walicheka wote. Wakati ule lilikuwa jambo la kuchekesha.

Wanafunzi walifundishwa kanuni mbili za kusimama mbele ya jengo. Ya kwanza, mwongozaji huligeuzia jengo mgongo na kuwatazama wageni, maana sauti ikielekea ukutani hupotea. Ya pili, asijitie katika habari anayoisimulia. Mwalimu Hamidu aliirudia hii ya pili mara nyingi, kwa kuwa wanafunzi wa Bagamoyo walipenda kuwataja babu zao kila kona. "Mgeni hakuja kusikia habari za shangazi yako," alisema. Walipopelekwa Kaole kwenye magofu, nusu ya darasa ilishindwa kujizuia. Kila mwenye asili ya mji alikuwa na kaburi la kuonyesha, la huko au la kwingine, na ukoo wa kuhesabu. Dhara hakuwa na la kuonyesha. Kwao maiti huchomwa na majivu hutiwa baharini. Ya mama yake alikuwa ameyatia yeye mwenyewe, maji yakimfika magotini.

Siku ya kwanza ya mazoezi ya mtaani wageni walikuwa watumishi wa ofisi moja ya Dodoma walioshuka pwani kwa mapumziko. Harish alipata habari mapema. Alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa barazani, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Ng'ambo ya mtaa Bi Hija, jirani aliyeuza vitumbua, alimtania.

"Harish, leo bwana harusi?"

"Mwanangu anapita na wageni."

"Basi funga na hicho kifungo cha juu. Au duka zima limeisha vifungo?"

Dhara alifika na watu wake, akaligeuzia jengo mgongo kama alivyofundishwa. Baba yake akawa nyuma yake. Aliyasema maelezo bila kukosea: waliishi, waliuza, walifunga, wakaondoka. Mmoja wa wageni, mwanamume mwenye kofia ya timu ya mpira, alinyoosha kidole.

"Dada, kama wote waliondoka, huyo mzee hapo nyuma yako ni nani?"

Dhara aligeuka. Harish alikuwa ameanza kuinuka, nusu ameketi na nusu amesimama, kama mtu anayesubiri kutambulishwa. Nyuma ya kundi Mwalimu Hamidu alikuwa na kalamu mkononi.

"Ni mwenye duka," Dhara alisema. Akawapeleka wageni kwenye mlango uliofuata.

Pwani mtu hapiti mbele ya baraza bila kuwasalimu walioketi. Wageni wa Dodoma nao waliijua adabu hiyo. Walipita mmoja mmoja: "Shikamoo, mzee." Harish aliitikia kila mmoja: "Marahaba. Marahaba." Aliyepita bila kumsalimu ni mwongozaji, kwa kuwa alikuwa ametangulia, akitembea kinyumenyume, akieleza habari za misumari ya mlango.

Usiku huo hapakuwa na ugomvi. Kama ungekuwepo, ungesemwa kwa Kiswahili, na pengine ungekwisha. Harish alimpakulia dali, mchuzi wa dengu, akauliza kama chumvi inatosha. Inatosha, Dhara alisema. Asubuhi, sauti ya mwongozaji mwingine iliposikika kutoka kona ya mtaa, Harish aliondoka barazani, akaingia ndani na kuurudisha mlango. Kundi lilipopita akafungua tena. Akafanya hivyo siku hiyo, na siku zilizofuata.

"Harish, mvua iko wapi?" Bi Hija alimuuliza.

"Jua," alijibu.

Wiki zikapita. Baba na binti waliendelea kula pamoja na kugawana kazi za nyumba. Dhara alitaka kuomba radhi, lakini hakujua aanzie wapi, kwa lugha ipi. Alikuwa amefundishwa kumwomba radhi mgeni aliyekuta chumba hakijasafishwa, na mgeni aliyecheleweshewa chakula. Kwa mwenyeji hakukuwa na somo. Chuoni alikula kwenye ngazi zake. Jioni alipanda darini, akaanua nguo, akakaa pale mpaka giza liingie, kwa sababu chini kulikuwa na ukimya ambao ameusababisha yeye.

Mtihani ulipokaribia alimfuata Mwalimu Hamidu ofisini.

"Mwalimu, maelezo ya Mtaa wa India yana kosa. Kuna familia haijaondoka."

"Ipi?"

"Yetu."

Mwalimu Hamidu alivua miwani. Hakuwa mtu mkali, ila alipenda kila kitu kiwe mahali pake.

"Dhara, kuna alama za usahihi na kuna alama za kujiweka kando. Ukisema 'yetu', unapata za kwanza, unapoteza za pili. Na meneja wa kampuni atakuwepo, anakutazama." Aliirudisha miwani usoni. "Lakini nyumba ya watu inaweza kutembelewa, mwenyewe akiridhia. Unasimamisha kundi, unapiga hodi, unaomba ruhusa. Mwenyewe akitoka akawakaribisha, maelezo yatakuwa yake, si yako. Hapo hakuna wa kukulaumu."

Dhara aliona hilo ndilo jibu la kila kitu. Baba angeombwa ruhusa mbele za watu, kwa heshima zote, na mtoto yule yule aliyempita bila salamu. Usiku huo, wakila, alisema:

"Jumamosi nitakuja na wageni, Bapuji. Nitapiga hodi mlangoni, nikuombe tuingie."

Harish alitazama sahani yake. "Hodi," alisema, kama anayeonja neno. Kisha: "Duka ni la watu wote. Anayetaka ataingia."

Dhara alichukulia kuwa amekubali.

Jumamosi, siku ya mtihani, wageni walikuwa wanakwaya wa kanisa moja la Morogoro, akina mama kwa wingi, sare za kitenge kimoja, wachangamfu tangu walipoteremka kwenye gari. Nyuma yao alikuja Mwalimu Hamidu, na kando yake Adila, meneja wa kampuni, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya jua na kunyamaza muda wote. Dhara aliongoza vizuri. Alijua wapi pana kivuli. Alijua wapi jiwe limelegea, akawaonya kabla hawajakanyaga. Mama mmoja mnene, kiongozi wa kwaya, alimshika mkono kana kwamba wamejuana miaka.

Walipofika kwao, baraza lilikuwa tupu na mlango ulikuwa umerudishwa.

Dhara alisimamisha kundi. Alipanda ngazi mbili za baraza, akagonga ubao kwa vidole.

"Hodi!"

Ndani kiti kilisogezwa.

"Hodi humu ndani!"

Hakuna aliyejibu. Ng'ambo, Bi Hija aliacha kugeuza vitumbua vyake. Dhara alisikia mtu akihema upande wa pili wa mlango, karibu kabisa, au alidhani amesikia.

"Hodi, wenyewe!"

Kiongozi wa kwaya akamwita kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hizo ni tatu. Mwenyewe hataki. Tusimsumbue, twende."

Alisema kweli. Hodi ni mara tatu, na asiyejibiwa huondoka. Dhara alishuka. Aliligeuzia jengo mgongo, akawatazama wageni, akaanza: "Hapa waliishi..." Akasimama. Nyuma ya kundi Adila alikuwa ameinua uso.

"Hapa wanaishi wafanyabiashara wa Kihindi," Dhara alisema. "Ni wawili. Mmoja yumo ndani, ni baba yangu. Mwingine ni mimi."

"Kwenu? Hapa?" kiongozi wa kwaya aliuliza.

"Hapa."

"Loo! Na sisi tutapita nyumba ya baba yako kama ng'ombe?" Aliwageukia wenzake. "Jamani, tumsalimie mzee."

Nao, kwa kuwa walizoea kuanza pamoja, walisema kwa sauti moja iliyojaza mtaa: "Shikamoo, baba!"

Mlango haukuitikia. Mama mmoja alicheka kwa aibu. Mwalimu Hamidu aliandika kitu. Dhara aliwaongoza mbele, na mpaka mwisho wa safari hakukosea neno.

Aliporudi nyumbani mchana, aliusukuma mlango kwa bega kama alivyofanya tangu utoto, akiwa amebeba mfuko wa nyanya. Ulifunguka. Alikuwa ameshafika katikati ya duka alipokumbuka, akageuka kutazama. Komeo lilikuwa limening'inia mahali pake, halijaguswa.

Harish alikuwa amekaa nyuma ya meza ya duka. Amevaa lile shati la pasi. Juu ya meza, kati ya boksi la zipu na futi ya kupimia, palikuwa na sinia lililofunikwa kitambaa cha lesi. Dhara alikifunua. Birika la chai ya tangawizi, vikombe vyote vya nyumba hata vile vya mama yake, na sahani ya ganthia, vile vitafunio vya unga wa dengu.

"Kwa nini hukufungua?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Kwani mlango ulifungwa?"

"Nilipiga hodi mara tatu."

"Nilisikia. Nilikuwa hapo hapo, nyuma ya mlango."

"Sasa?"

"Nilikuwa namsubiri mwanangu aingie na wageni. Nikasikia mwongoza watalii anapiga hodi." Harish alinyoosha lesi, akaikunja. "Tangu uanze kutembea, umepiga hodi hapa lini? Ukirudi shule unaingia, ukigombana na Paresh unaingia, umelowa mvua unaingia. Leo hodi. Ya kwanza nikasema anatania. Ya pili nikasema sasa ataingia. Ya tatu..."

"Ilikuwa heshima, Bapuji. Niliona siku ile nilikukosea, nikataka safari hii nikuombe."

"Hiyo ni heshima ya mgeni, dikri." Kwa kumwita binti alirudi kwenye Kigujarati, na sauti yake ikashuka. "Siku ile uliniita mwenye duka, nikasema sawa, yuko kazini. Leo umejifanya na wewe si wa hapa."

Dhara alimimina chai. Ilikuwa imepoa na kufanya utando juu. Walikunywa hivyo hivyo, wao wawili, na vikombe vingine vikabaki vimepangwa.

Baada ya siku chache Adila alipiga simu. Mwalimu Hamidu alikuwa amempunguzia Dhara alama za kujiweka kando, alisema, na alikuwa na haki. Lakini wale wanakwaya walipofika kwenye gari hawakuuliza habari za milango. Waliuliza yule binti amepatana na baba yake au bado. "Kampuni yangu inahitaji mtu ambaye wageni wanaendelea kumuulizia," Adila alisema. "Anza Jumatatu."

Harish alitimiza ahadi. Alimwambia Paresh kwamba duka halifungwi, na jioni akarudi kukaa barazani, kundi lipite lisipite. Dhara alipopita na wageni aliingia moja kwa moja, akamtoa baba yake kwa mkono, naye akawaonyesha watu lesi. Mambo yalikuwa hivyo kwa miezi isiyozidi mitatu. Harish alikuwa na kisukari, na kidonda kilichotokea kwenye kisigino kilikataa kupona. Paresh alikuja na gari kumpeleka kliniki Dar es Salaam. Kliniki ikawa ya kila wiki, na safari zikamchosha mgonjwa, na mwishowe ikaonekana ni afadhali alale huko huko Upanga mpaka apone. Bado hajapona. Huzungumza na binti yake kwa simu kila jioni, naye huuliza kwanza kama mlango umefunguliwa.

Hufunguliwa. Dhara huufungua alfajiri, akachoma udi kwenye picha ya mama yake, akaurudisha mlango bila komeo, akaenda kazini. Mafundi wanaotaka uzi humwachia Bi Hija maagizo, na Dhara huwapelekea jioni. Wenzake wa chuo wametawanyika. Mwanajuma yuko jikoni katika hoteli ya Dar es Salaam. Najim yuko mapokezi huko Zanzibar, kwenye meza yenye simu inayoita kweli, na siku moja alituma ujumbe wa sauti: "Madam mgeni! Chumba chako bado kinatazama bahari?" Dhara aliusikiliza mara mbili darini, nguo zikiwa mkononi. Kisha akamtumia picha ya kicheko.

Siku za wageni husimama mahali pale pale mtaani, akawaeleza habari za biashara, za waliohama na kwa nini walihama. Kisha hupanda ngazi mbili za baraza. Hagongi. Huusukuma mlango kwa bega, akaingia, na kwa muda mfupi wageni hubaki peke yao juani, wakitazama giza la ndani. Wanasikia dirisha likifunguliwa, halafu jingine. Halafu yeye hutokea mlangoni.

"Karibuni ndani," huwaambia. "Hapa ninaishi mimi."

Karibu kila kundi huwa na mtu mmoja wa kuuliza.

"Peke yako?"

"Kwa sasa, peke yangu," Dhara hujibu, akawapisha wapite.